Ndege Hakuwa Akicheza

Picha yangu iliyopendwa kuliko zote ni ya ndege mmoja wa majaruba ya Bahi. Ni jike. Shingo yake ina rangi ya hudhurungi iliyoiva, jicho limezungushiwa weupe kama wanja uliogeuzwa, mabawa ameyakunjua na kuyaleta mbele mpaka madoa yake ya dhahabu yanahesabika, mkia umefunguka kama upepeo. Nyuma yake matete yamefifia, yamebaki kijani tupu. Chini ya picha niliandika maneno manne: "Ndege akicheza, mvua zimefika."

Watu waliipenda kwelikweli. Ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya waandishi, ikatundikwa kwenye ukuta wa mgahawa mmoja hapa mjini, na mwalimu mmoja wa sekondari akaniambia aliwaonyesha wanafunzi wake kwenye kipindi cha ushairi ili waitungie beti. Mimi nimeichoka. Tena si kuichoka tu, naona ni picha mbaya, na leo nataka kuihakiki kama ambavyo ningehakiki riwaya ya mtu nisiyemjua, bila huruma ya mzazi.

Lakini siwezi kuifikia picha kabla ya kupitia kitabu kilichonituma kwenye matete.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, kipindi kile ofisi za serikali zinahama kutoka Dar es Salaam baada ya tangazo la 2016, na sisi waandishi tukazifuata kama yangeyange wanavyofuata ng'ombe. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia godoro, jiko la gesi na kitabu: mwongozo wa ndege wa Afrika Mashariki wa Terry Stevenson na John Fanshawe, toleo la kwanza la 2002. Humo mna spishi zaidi ya 1,300 kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Godoro lilishakwisha, jiko niliuza. Kitabu bado kipo mezani, kurasa zake zimenuna kwa unyevu.

Nilikisoma jinsi ninavyosoma kitabu chochote, kuanzia ukurasa wa kwanza, jambo ambalo nadhani watunzi wake hawakulitarajia. Na kiukweli kimeandikwa vizuri. Wahariri wetu wangejifunza kitu. Huoni "mandhari ya kuvutia" wala "ndege mwenye mvuto wa kipekee". Unaambiwa ndege anakaa wapi, anatembeaje, akishtuliwa anarukaje, na akiruka miguu inaning'inia au ameikunja. Mtu aliyegundua kwamba miguu inayoning'inia ni habari, na akaiandika bila kuipamba, huyo kwangu ni mwandishi.

Tatizo linaanza kwenye kurasa za wale ndege wa mafichoni, jamaa za kukuziwa: wadogo, wembamba ubavuni, wanaopenya kati ya matete kama panya kwenye magunia. Mchoraji amewapanga wote ubavu, juu ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga usio na kivuli, kama wananchi kwenye foleni ya kupigwa picha ya kitambulisho cha NIDA. Kila unyoya uko mahali pake. Simlaumu, kazi aliyopewa ni kutusaidia kutofautisha huyu na yule. Ila ukweli ni kwamba hakuna mtu anayewaona ndege hawa hivyo. Ukienda bwawani Hombolo alfajiri, kilomita kama 40 kutoka katikati ya jiji, utakaa saa mbili na utakachoona ni tete moja linalotikisika na upepo haupo. Ukiwa na bahati utaona mkia ukiingia. Ukurasa ule ulinifundisha, bila kusema, kwamba kumjua ndege ni kumwona mzima, na mimi nikaondoka na somo hilo nikaenda kununua lenzi ya mkopo.

Kumbe jibu lilikuwepo kwenye ukurasa wa pili, mwishoni mwa maelezo ya kila ndege, pale panapoelezwa sauti. Hebu jaribu: ziba michoro kwa kiganja, soma mistari ya sauti peke yake. Ghafla ndege wale wa kitambulisho wanaanza kuishi. Huyu analia kama mlango mkavu, huyu na mwenzi wake wanagombana kwa pamoja mpaka hujui nani kaanza. Hapo ndipo kitabu kinapowasikia. Ila kinawasikia kwa Kiingereza. Sauti zimeandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, na mimi niliyejifunza kusoma kwa a-e-i-o-u za shule ya msingi, nikikuta o mbili naziita o ndefu wakati mwandishi alikusudia u. Kwa hiyo msimu mzima wa kwanza nilikuwa natafuta ndege anayelia "ko". Hayupo. Anayelia "kuu" alikuwa nyuma yangu.

Hapa nina ugomvi pia na kamusi zetu. Ukitafuta ndege wa majini, mara nyingi unapewa "aina ya ndege", halafu labda rangi na urefu wa miguu, basi. Mwanakamusi naye ameangalia mchoro. Wakati lugha yenyewe, pale ilipoachiwa watu, imewaita ndege wengi kwa sikio. Kwarara ni kelele yake mwenyewe. Kitwitwi vilevile. Tipitipi ndiye mfano ninaoupenda zaidi, maana ni ndege mkubwa kabisa anayeweza kukaa kwenye kichaka mbele yako usimwone, na jina lake la pili ni dudumizi. Majina mawili, yote ya sauti. Anaposhusha ule mlio wake, kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, watu wanasema mvua inakuja, na hakuna anayenyanyua kichwa kumtafuta.

Ushairi wetu nao haujamwacha ndege awe ndege. Njiwa wa taarabu ni tarishi. Bundi ni habari mbaya. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anawalaza makinda ya ndege kwenye madaka yaliyokuwa yakipambwa kwa vyombo vya thamani katika majumba ya Pate, na ni picha kubwa mno, lakini makinda wale wamewekwa pale ili tuwaone watu ambao hawapo tena. Sitaki kumfundisha Sayyid Abdalla ushairi, Mungu aninusuru. Nasema tu kwamba msomaji wa Kiswahili akionyeshwa ndege, swali lake la kwanza ni "anamaanisha nini?" Nitalirudia hili kwa sababu ndilo lililoifanya picha yangu ipendwe.

Sasa twende Bahi.

Bahi iko magharibi ya jiji, kilomita kama 60 kwa barabara ya Singida, na Reli ya Kati inapita hapo hapo. Nyanda hizi hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Maji ya Mto Bubu yanashuka kutoka pande za Kondoa, yanatandaa kwenye bonde ambalo halina mlango wa kutokea, na kuanzia hapo njia yaliyobakiwa nayo ni juu, kwenye jua. Kwa miezi michache kuna mpunga, kambale, perege na ndege. Ukija Oktoba utakuta ufa wa tope na ng'ombe wanavuka bila kulowa kwato. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Ramsar mwaka 2000 na ina maeneo manne kwenye orodha: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Bahi haimo. Na mimi nadhani ni vigumu hata kumshawishi mtu wa mezani kuhusu ziwa ambalo siku anayokuja kulikagua halipo.

Ndege niliyemfuata, wataalamu wanamwita Rostratula benghalensis. Angalia alivyobebeshwa macho ya watu: jina la Kiingereza linasema amepakwa rangi, na la kisayansi, alilopewa na Linnaeus mwaka 1758, linampeleka Bengal, wakati yeye yuko Bahi anachokonoa tope. Mambo yake ya nyumbani yangetosha riwaya. Jike ndiye mkubwa na mwenye rangi. Jike ndiye anayeita jioni. Akishataga humwachia dume mayai na malezi, yeye akaenda kuita dume mwingine. Hutokea kwenye maji mapya, akipenda giza linapoingia, na mchana anaweza kukaa hatua tatu kutoka kwako akiwa ametulia kama bonge la udongo.

Siku ya kwanza nilimkuta mzee mmoja anapalilia jaruba lake. Nikasalimia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi", akacheka, akajibu, nikaongeza shikamoo ili nisiharibu.

"Umepoteza nini humo, mwanangu?"

"Natafuta ndege, babu."

Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha mchoro. Akakichukua, akakiweka mbali na macho, akakirudisha karibu. "Huyu simjui." Akanirudishia. Tukakaa kwenye tuta tukiongelea bei ya mpunga. Jua lilipogusa vilima, kutoka kwenye matete ikaanza: kuu… kuu… kuu… kama mtoto anayepuliza mdomo wa chupa tupu ya soda, taratibu, hana haraka.

"Aa, huyo!" mzee akasema.

"Babu, huyo ndiye huyu," nikagonga ukurasa kwa kidole.

Hakuamini, na sikumlaumu. Huyo wa kwenye matete alimjua tangu utoto, alijua anaanza kuita mpunga ukishashika maji, alijua anahama lini. Huyo wa kwenye karatasi nyeupe alikuwa mgeni kwake. Nilipomwambia nataka kumwona nimpige picha akanitazama kwa upole ambao wazee huwa nao kwa watu wa mjini. "Sasa unataka kumwona wa nini, na ameshasema yuko hapo?"

Nilikuwa na majibu. Mwandishi huwa hakosi. Nikasema watu wakiona watajali, wakijali bonde litalindwa. Bado naliamini jibu hilo kwa nusu hivi. Nusu nyingine nilikuwa nataka picha.

Kuwapiga picha ndege wanaojificha ni mchezo wa zamani wa kudanganya. Ndugu wawili wa Kiingereza, Richard na Cherry Kearton, waliotoa mwaka 1895 kitabu cha viota chenye picha halisi kutoka porini, baadaye walitengeneza ng'ombe wa bandia: ngozi ya ng'ombe juu ya fremu, mtu ndani, kamera inachungulia. Ndege hawaogopi ng'ombe. Niliposoma habari hiyo nilicheka sana, maana Bahi ng'ombe halisi wapo mamia, wamesimama majini mpaka tumboni, na ndege wanapita kati ya miguu yao. Kijana mmoja mchungaji alinifundisha kutembea nyuma ya ng'ombe wake, kwa mwendo wao, nikisimama wakisimama. "Dada, usiwe na haraka kuliko ng'ombe." Kwa njia hiyo niliwakaribia kukuziwa, vitwitwi, hata yule mdogo mweusi mwenye mdomo wa njano na miguu myekundu. Rostratula, hapana. Jioni tano nilimsikia, sikumwona.

Jioni ya sita, Februari 2021, nilikuja na kispika cha bluetooth kisichozidi andazi. Kwenye xeno-canto, hazina ya mtandaoni ya sauti za ndege iliyoanzishwa 2005, watu wa dunia nzima huweka walichorekodi, na sauti ya jike iko pale, bure. Nikaificha spika kwenye nyasi, mita moja na nusu mbele ya lenzi, nikabonyeza simu.

Alitoka kabla dakika nne hazijaisha. Alitoka akikimbia, kichwa chini, akasimama mbele ya nyasi zile, akafunua mabawa. Nilipiga picha kama mtu anayeogopa kukatiwa umeme. Akarudi ndani. Nikabonyeza tena, akatoka tena. Mara tano, mpaka mwanga ukaisha.

Nilikuja kusoma baadaye maana ya mabawa yale. Ndege huyu hukunjua mabawa na mkia kumtisha anayemwona adui; yale madoa ya dhahabu, yakifunuliwa ghafla, ni kama mtu kuchomoa panga. Alikuwa amesikia jike mwingine ndani ya eneo lake. Alitoka kupigana na simu yangu. Saa ile ya magharibi ni saa yake ya kula na ya kuita dume, na mimi nilimtumia yote kwa ajili ya adui asiye na mwili.

Sasa uhakiki. Katika picha ile hakuna kitu cha uongo. Sijabadilisha rangi, sijaondoa jani. Uongo wake uko nje ya fremu, mita moja na nusu kushoto, unawaka taa ya buluu. Na maneno manne chini yake yakamalizia kazi. "Akicheza" niliandika kwa sababu mabawa yalifanana na ngoma, na "mvua zimefika" kwa sababu najua wasomaji wangu: nimewapa ndege, watauliza anamaanisha nini, basi nikawawahi na jibu. Nikamfanya tarishi wa mvua. Wakampokea kwa mikono miwili kwa kuwa wamefundishwa na mashairi mazuri kumpokea hivyo. Wanafunzi wa yule mwalimu waliandika, aliniambia, kuhusu furaha.

Kuna udhaifu mwingine ambao hata asiyejua habari ya spika angeuona kama angetazama kwa makini, na hili linanisumbua kama mtu wa sanaa. Ndege anamtazama nani? Macho yake hayako kwenye kamera wala kwenye maji. Yamekaza kwenye pembe ya chini ya picha, mahali ambapo hapana kitu. Picha nzima imejengwa kuelekea mahali patupu, na mimi kwa kufifisha matete nyuma nimepafanya pazidi kuwa patupu. Nimemrudisha kwenye karatasi nyeupe ya kitabu. Lenzi ya mkopo, jioni sita za mbu, na nilichotengeneza ni kitambulisho cha NIDA chenye rangi nzuri zaidi.

Nisikike vizuri: sisemi spika ni haramu. Watafiti wa ndege wanaojificha hutumia njia hiyo kuwahesabu, maana bila kuwaita hawahesabiki. Wanaita mara chache, wanaandika, wanaondoka. Mimi niliita mara tano na nilichoandika ni "akicheza".

Ninayo picha nyingine, ya Machi mwaka uliofuata. Niliipiga nikiwa nyuma ya ng'ombe mmoja mweusi, na mguu wake umeingia kushoto, umetia ukungu theluthi nzima ya fremu. Katikati ni matete, yote makali, kila moja na tone lake. Kati ya matete mawili, ukitafuta, kuna ukanda mweupe na ndani yake jicho. Nusu ya mdomo. Basi. Niliwatumia watu walewale walioipenda ile ya kwanza, na jibu nililopata mara nyingi lilikuwa "ndege yuko wapi?" Mmoja akadhani nimekosea kutuma. Mwingine aliniambia baada ya siku mbili kwamba amemwona, alikuwa kwenye daladala, akapiga kelele mpaka abiria wakageuka. Hiyo ndiyo picha yangu bora, japo mwanga wake ni hafifu na mguu wa ng'ombe, nakubali, ni mwingi.

Na ninayo rekodi ya dakika kumi na moja, ya jioni ileile. Simu ileile iliyomdanganya, safari hii nimeiweka kwenye tuta isikilize tu. Kuna kengele ya ng'ombe, bodaboda inayokataa kuwaka, mtu anayeita mtoto kwa Kigogo. Dakika ya saba anaanza: kuu… kuu… Mbali, upande wa pili wa jaruba, wa pili anamjibu, na huyu halisi. Wanaachiana nafasi. Nikiisikiliza usiku nikiwa Area C, na mbwa wa majirani nje, namwona vizuri kuliko kwenye picha.

Mwezi uliopita ofisi moja hapa mjini iliomba ile ya kwanza kwa ajili ya kalenda. Walitaka kubwa, ya mwezi wa Februari, pamoja na maelezo mafupi. Nikawapendekezea ile ya mguu wa ng'ombe. Wakasema, kwa adabu, kwamba haina ndege. Basi nikawatumia waliyoitaka na maelezo mapya: "Jike wa Rostratula, Bahi, Februari 2021, akimtisha mpinzani ambaye hayupo. Sauti ilitoka kwenye simu ya mpiga picha." Wamesoma ujumbe, tiki mbili za buluu zipo pale. Bado hawajanijibu.